Chaza wa Sebuleni: Mmoja Hula Mwanga, Mwingine Hufa Njaa

Pitisha kiganja juu ya tangi la kioo, bila kugusa maji, kisha tazama chini. Chaza aliyekuwa ametandaza joho lake la buluu hadi nje ya ukingo wa gamba analivuta ndani ghafla. Maji yanamtoka kwa nguvu na kutibua mchanga ulio karibu, na palipokuwa na rangi sasa pana magamba mawili yaliyokaribiana. Subiri kidogo. Ataanza kufunguka tena, upande mmoja kwanza, halafu wa pili, mpaka nyama yote laini imelala chini ya taa. Ameona kivuli. Ukingoni mwa joho lake pana mamia ya macho madogo mno, kila moja kitundu tu kisicho na lenzi, na kazi yake ni kupambanua mwanga na giza. Baharini, kivuli kinachosogea mara nyingi huwa samaki anayetafuta cha kudonoa.

Huyu ni Tridacna maxima, mmoja wa jamii ya chaza wakubwa, wala si mgeni kwetu. Anapatikana kwenye miamba ya matumbawe kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki. Mpiga mbizi wa Mafia au Watamu humkuta amejipachika ndani ya jiwe, mwili wote umezama na kilichobaki nje ni mdomo uliopindapinda wenye rangi ambazo hata duka la kanga halina. Rangi hizo ndizo zilizomfikisha sebuleni mwa watu Ujerumani, Marekani na Japani, ambako tangu miaka ya 1980 kufuga matumbawe hai nyumbani kumekua kutoka mchezo wa wachache hadi biashara kamili yenye taa zake, pampu zake na mifuko yake ya chumvi ya kuchanganyia maji.

Katika maduka hayo chaza hupangwa pamoja, wa kila aina, na mnunuzi huchagua kwa macho. Huyu wa buluu, yule mwekundu, yule mwenye miiba. Kwa mtazamaji wote ni chaza: magamba mawili, nyama katikati. Lakini mmoja wao anaweza kuishi miaka mingi chini ya taa nzuri, na jirani yake wa trei hiyohiyo amekwisha kuhukumiwa kifo siku alipotolewa baharini. Tofauti yao ni chakula, na muuzaji mara nyingi haisemi.

Tuanze na wenye njaa.

Chaza wengi duniani hula kwa kuchuja. Wanavuta maji, wanayapitisha kwenye matamvua yao, wananasa mwani mdogo unaoelea na chembe nyingine, kisha wanayatoa maji upande wa pili. Kazi hiyo wanaifanya kwa kiwango kinachoshangaza. Chaza wa kuliwa wa pwani ya mashariki ya Marekani, Crassostrea virginica, akiwa amekomaa na hali ikiwa nzuri anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Sasa piga hesabu. Tangi la kawaida la nyumbani lina lita 200, pengine 300. Chaza mmoja wa namna hiyo angeyapitisha maji yote mwilini mwake kwa siku moja au mbili, na kesho yake angekuwa anachuja maji matupu. Baharini hana shida hiyo kwa sababu kila maji yanapojaa yanakuja mengine, na riziki nyingine ndani yake. Tangi halina maji kujaa wala kupwa. Maji ni yaleyale, yanazunguka tu.

Kibaya zaidi, mfugaji wa matumbawe anahangaika usiku na mchana ili maji yake yang'ae. Chini ya kabati amefunga kichujio cha povu, bomba linalopuliza viputo vidogo mno ili vinase uchafu kabla haujaoza. Chombo hicho hakibagui uchafu na chakula. Mwani wowote unaoelea, ambao kwa chaza ndio mlo, unaishia kwenye kikombe cha juu ukiwa maji ya kahawia yanayonuka, na mwenye tangi anayamwaga kwa furaha akijua amefanya usafi.

Anayeumia zaidi ni chaza mwekundu wa Florida na Karibi, Ctenoides scaber. Ni kiumbe mzuri kupita kiasi: nyama nyekundu ya moto, minyiri mirefu inayochezacheza pembeni, na akitishwa anaogelea kwa kupigapiga magamba. Bei yake ni nafuu. Hana mwani ndani ya mwili wake, hivyo taa za bei mbaya hazimsaidii kitu. Wiki za kwanza anaonekana mzima kabisa, maana anakula akiba ya mwili wake mwenyewe. Ng'ombe akikosa malisho mbavu zinahesabika. Chaza hana mbavu, na gamba halikondi. Nyama inapungua ndani, kidogo kidogo, huku mwenye tangi akiwaonyesha wageni. Miezi michache baadaye anakuta gamba liko wazi na ndani mna uteute unaooza, kisha anaandika sababu zote duniani isipokuwa njaa: chumvi imepanda, joto limezidi, kaa kamla.

Binamu yake wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, Ctenoides ales, ana mkosi wa kupendeza zaidi. Midomo yake humetameta kana kwamba umeme unapita. Wengi waliamini anatoa mwanga wake mwenyewe, hadi mwaka 2014 Lindsey Dougherty wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley na wenzake walipoonyesha kinachotokea. Upande mmoja wa ukingo wa joho umejaa chembe ndogo mno za silika zinazorudisha mwanga wa nje; upande wa pili hauna. Akikunja na kukunjua ukingo huo kwa haraka, mwanga na giza vinapokezana. Ni maonyesho ya bure ambayo mtu hachoki kuyatazama, lakini mwenye kuonyesha naye anataka kula, na chakula chake ni kilekile kinachoishia kwenye kikombe cha povu. Chaza wenye miiba, jamii ya Spondylus, wenye macho yaliyopangwa kuzunguka ukingo wa joho, nao wamo kwenye mkumbo huohuo.

Wapo wanaowaweza. Hufuga mwani wa kijani kwenye machupa dirishani, hufunga pampu ndogo ya kudondosha matone usiku kucha, hupunguza kuchuja povu, na bado hupambana na naitreti zinazopanda kwa sababu ya chakula kisicholiwa. Nawapa heshima yao. Lakini mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni asijidanganye kwamba kijiko cha mwani wa chupani mara mbili kwa wiki kinatosha kwa kiumbe aliyezoea kula saa zote. Kwa maoni yangu chaza hao wangeachwa baharini, na duka lisilowauza ndilo la kuaminiwa hata katika mengine.

Chaza wakubwa, jamii ya yule Tridacna wa mwanzoni, wana njia nyingine. Nao wana matamvua na wanachuja, ila ndani ya joho wamebeba shamba. Kutoka tumboni hutokea mirija myembamba inayotawanyika hadi kwenye nyama ya nje, na ndani ya mirija hiyo huishi mwani wa chembe moja kwa idadi isiyohesabika. Mwani hupokea mwanga, hufanya usanisinuru, na sehemu kubwa ya sukari inayotengenezwa humwendea mwenyeji. Chaza naye huupa mwani makazi, hewa ya kaboni dioksidi, na taka zake zenye naitrojeni, ambazo kwa mwani ni mbolea. C. M. Yonge, Mwingereza aliyeongoza msafara wa utafiti kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia mwaka 1928 na 1929, ni miongoni mwa walioueleza uhusiano huu kwa kina. Mwani huo haurithiwi. Yai la chaza halina hata chembe moja. Kichanga chake ndicho kinachoumeza kutoka majini kikiwa na umri wa siku chache tu, na kisipoupata hakifiki mbali.

Hata ile buluu inayouza chaza ina kazi. Juu ya mwani kuna tabaka la chembe zinazometa, na kwa muda mrefu ilidhaniwa ni mwavuli wa kuukinga usiungue na jua la tropiki. Utafiti wa Alison Sweeney na wenzake, uliotoka mwaka 2014, uliongeza jambo la kuvutia zaidi: chembe hizo huutawanya mwanga unaofaa na kuusukuma ndani, kwenye mwani uliopangika wima kama nguzo, huku mwanga usiohitajika ukirudishwa nje. Unachokiona wewe kwa macho ni mabaki, mwanga ambao chaza ameukataa.

Kwa hiyo mwanga kwanza, mengine baadaye. Tridacna crocea na maxima ndio wenye uchu mkubwa zaidi. Baharini huishi juu kabisa ya mwamba, na tangini wanataka nafasi ya juu chini ya taa kali. Squamosa na derasa wanavumilia kiasi, wanaweza kukaa chini mchangani ikiwa taa ni ya maana. Mtu mwenye kipimo cha mwanga hana haja ya kubahatisha. Asiye nacho aombe, maana macho ya binadamu ni hakimu mbaya: taa ya buluu inayoonekana hafifu huenda ina nguvu kuliko ile nyeupe inayoumiza macho. Na chaza aliyetoka kwenye mfuko wa safari asipandishwe juu siku hiyohiyo. Aanzie chini, asogezwe taratibu kwa wiki kadhaa, la sivyo anaupoteza mwani wake na kuwa mweupe, jambo linaloyapata matumbawe na chaza hata baharini maji yakipata joto kupita kiasi.

Je, shamba hilo linatosha? Jibu linategemea umri. Klumpp, Bayne na Hawkins walichapisha mwaka 1992 vipimo vya Tridacna gigas, mkubwa kuliko wote, na wakakuta kwamba chaza wadogo walipata takriban asilimia 65 ya kaboni wanayohitaji kwa kuchuja, ilhali kwa wakubwa kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 34. Ndiyo maana naona ni afadhali kununua chaza aliyevuka sentimita tano. Mdogo wa sentimita mbili anayeuzwa kwa bei ya kutupa ana njaa mbili kwa wakati mmoja. Wapo wafugaji wazoefu wanaobishana na hili, wakisema tangi lenye samaki wengi wanaolishwa vizuri lina amonia na naitreti za kutosha kumkuza hata mdogo bila kumdondoshea mwani. Wana hoja, na inatukumbusha jambo moja ambalo wapenda usafi hawalipendi: naitreti ikisomeka sifuri kabisa, chaza anadhoofu. Mbolea kidogo lazima iwepo.

Maji yenyewe hayana siri kubwa. Joto nyuzi 24 hadi 27, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, alkali nyuzi 8 hadi 10 za Kijerumani, na vyote visipandepande na kushuka. Kalsiamu na alkali ndivyo vinavyojenga gamba, na chaza anayekua anavinywa kwa kasi. Mwenye tangi aliyezoea kupima mara moja kwa wiki huona alkali inashuka bila maelezo tangu chaza aingie. Maelezo yako kwenye gamba. Chukua tochi, umulike ukingo wa juu, pale joho linapogusana na gamba. Chaza mwenye afya ana mstari mweupe safi usio na ukungu wala mwani wa nje, mwembamba kama uzi, nao ni gamba jipya la wiki hizi. Ukiukosa mstari huo kwa miezi miwili, usisubiri joho linywee ndipo uanze kuuliza.

Jambo lingine la kutazama kwa karibu liko chini, na wanunuzi wengi hawamgeuzi chaza kulitazama. Karibu na bawaba ya magamba kuna tundu, na kutoka tunduni hutoka mguu mdogo unaotema nyuzi ngumu za kujishikizia kwenye jiwe. Chaza akishajishika, kumng'oa kwa nguvu ni kumchana kiungo kinachotoa nyuzi hizo, na jeraha hilo hupona kwa nadra. Nyuzi zikatwe kwa wembe sambamba na jiwe, tena mbali na nyama, au jiwe lenyewe lihamishwe naye. Mwenye kutaka kumweka mchangani humwekea kijiwe bapa chini yake. Atakishika hicho, na siku ya kumhamisha vitabebwa vyote viwili. Crocea hawezi mambo ya mchanga. Kwao ni kwenye jiwe, na hulichimba polepole hadi akazama ndani.

Adui wengine wana ukubwa wa punje ya mchele. Ni konokono weupe wa jamii ya Pyramidellidae, wenye mrija wanaouchomeka kwenye nyama na kunyonya. Mchana hawaonekani, wamejificha chini ya chaza au kwenye mikunjo ya gamba. Usiku, saa kadhaa baada ya taa kuzimwa, hupanda hadi ukingoni. Dawa yao ni tochi, koleo dogo na mswaki laini: chaza hutolewa, gamba husuguliwa lote pamoja na vibonge vya mayai vinavyofanana na utelezi, na kazi hurudiwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa kwa sababu mayai hayaishi mara moja. Chaza mgeni afanyiwe ukaguzi huo kabla hajaonja maji ya tangi kuu. Kuna pia ugonjwa wa joho kujikunja na kujibana upande mmoja, ambao wafugaji huukabili kwa kumtumbukiza chaza kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto sawa, kwa muda usiozidi nusu saa. Inatisha kuitazama, na wengine humpoteza chaza hapohapo.

Samaki nao ni sehemu ya uamuzi. Kitatange ni mzuri tangini, ila kudonoa nyama laini ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Kikande na bunju msiwazungumzie kabisa. Chaza anayedonolewa hafi kwa jeraha. Anafunga, na aliyefunga hapati mwanga.

Sasa swali ambalo mnunuzi alipaswa kuuliza kabla ya yote: ametoka wapi? Chaza wakubwa wote wamo kwenye Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES tangu miaka ya 1980, maana yake hakuna anayevuka mpaka wa kimataifa kihalali bila kibali. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Kilichoiokoa biashara hii ni kazi iliyofanyika Palau, nchi ya visiwa ya Pasifiki, ambako Gerald Heslinga na wenzake kwenye kituo cha ufugaji wa viumbe vya bahari walifanikiwa kuwazalisha chaza kwa wingi. Chaza aliyekomaa ana jinsia zote mbili. Hutoa mbegu za kiume kwanza, mayai baadaye, na gigas mmoja anaweza kumwaga mayai mamia ya mamilioni kwa mkupuo. Watunzaji walijifunza kumchochea kwa kumdunga serotonini, wakakusanya mayai, wakavilisha vichanga mwani unaofaa, kisha wakavipeleka baharini kwenye vizimba. Lengo lilikuwa kurudisha chaza kwenye miamba iliyovunwa hadi kwisha na kuwapa wanavijiji kitoweo na kipato. Tangi la sebuleni lilikuja kuwa mteja wa pembeni anayelipa vizuri kwa chaza mdogo, ambaye kwa mla nyama hana thamani.

Huyo wa kuzalishwa ndiye wa kununua. Maxima wa mwituni amejifungia ndani ya jiwe, na kumtoa ni kuchimbua matumbawe yaliyomzunguka kwa patasi. Shimo linalobaki halizibiki kwa umri wa aliyelichimba. Kwa hiyo anayetamani rangi za mwamba wetu wa Kenya au Tanzania avae miwani, aingie majini wakati wa maji mafu yakiwa safi, azitazame huko.

Kwa aliyeazimia kufuga, suala la mwisho ni nafasi. Derasa wa sentimita sita anayeonekana mdogo kwenye trei anaweza kufika sentimita 50 na zaidi, naye hukua haraka. Ndani ya miaka michache atahitaji mchanga wote uliopo mbele ya mawe. Gigas hupita mita moja na kilo 200, na hana mahali kwenye nyumba ya mtu. Crocea huishia sentimita 15 hivi. Tangi la lita 200 lenye taa kali na umri wa zaidi ya nusu mwaka litamfaa yeye, juu ya jiwe, mmoja kwanza. Mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi za kibali, muulize chaza amekaa dukani kwa wiki ngapi, kisha pitisha kiganja juu ya maji. Asiyejikunja usimlipie.